Namna jalada la jarida la muziki linavyomteka msomaji wake

MTU anayesimama mbele ya meza ya magazeti, iwe ni Kariakoo jijini Dar es Salaam au katika stesheni ya treni jijini London, hana muda mrefu. Macho yake hupita juu ya nyuso na herufi kwa sekunde chache, kisha ama mkono unaingia mfukoni kutafuta fedha, ama miguu inaendelea na safari.

Tofauti ni kwamba Kariakoo wengi husoma vichwa vya habari vya siku hiyo na kuondoka bila kununua kitu, wakati London na New York, kwa miongo kadhaa, meza kama hiyo ilikuwa uwanja wa mapambano ya majarida ya muziki. Kila jarida lilikuwa na ukurasa mmoja tu wa kumshawishi mpita njia, na jirani yake naye alikuwa na wake.

Kwa wachapishaji, suala hilo halikuwa la urembo. Katika biashara ya majarida ya Uingereza na Marekani, nakala zilizobaki madukani hurudishwa au huharibiwa kwa hasara ya mchapishaji. Jalada likikosea, habari nzuri iliyomo ndani, hata kama mwandishi aliihangaikia kwa miezi mitatu, huishia kwenye mashine ya kusaga karatasi bila kusomwa.

Ndiyo maana kazi ya kulisanifu jalada la jarida la muziki iligeuka kuwa taaluma yenye kanuni zake, na nchini Uingereza hata ikaingia shuleni. Kwa miaka kadhaa, wanafunzi wa masomo ya habari wanaojiandaa kuingia chuo kikuu walipewa kazi ya kubuni jarida jipya la muziki, wakianza na ukurasa wa mbele, na kueleza ni nani waliyekuwa wakimlenga.

Mnunuzi kwanza, picha baadaye

Kosa la kawaida la msanifu asiye na uzoefu ni kuanza na picha. Katika majarida yaliyodumu, kazi huanza na swali la nani atanunua. Jibu haliwezi kuwa “vijana” kwa jumla, wala “wapenzi wa muziki”. Anatakiwa mtu anayeweza kuelezwa: ana umri gani, fedha anazipata wapi, husikiliza nini akiwa peke yake, na je, atalisoma jarida ndani ya basi na kulitupa, au atalihifadhi kabatini?

Mfano ulio wazi ni wa watu wale wale waliotengeneza majarida mawili yasiyofanana hata kidogo. Smash Hits lilianzishwa nchini Uingereza mwaka 1978 na Nick Logan. Msomaji wake alikuwa mtoto wa shule, mara nyingi msichana, mwenye fedha kidogo za matumizi na hamu kubwa ya kujua maneno ya nyimbo alizozisikia redioni. Jarida lilimchapishia maneno hayo. Jalada lake lilikuwa na rangi za kuchangamka, nyuso changa, alama za mshangao na ahadi ya picha kubwa za kubandika ukutani.

Mwaka 1986, David Hepworth na Mark Ellen, ambao wote wawili waliwahi kuwa wahariri wa Smash Hits, walianzisha jarida jingine lililoitwa Q. Wakati huo CD zilikuwa bidhaa mpya na ya gharama, na watu wazima wenye mishahara walikuwa wakizinunua upya albamu walizozipenda tangu ujana wao. Toleo la kwanza la Q lilimweka mbele Paul McCartney, mtu ambaye msomaji wa Smash Hits angemwona kama rafiki wa baba yake.

Jina lenyewe lilichaguliwa kwa tahadhari. Waanzilishi walifikiria neno la Kiingereza linalohusiana na kuiweka sindano tayari juu ya santuri, lakini neno hilo hilo ni jina la fimbo ya kuchezea snuka. Wakahofia kwamba wauza magazeti wangelipanga jarida lao pamoja na yale ya michezo. Ikabaki herufi moja.

Kerrang! lilikwenda upande mwingine kabisa. Lilianza Juni 1981 kama nyongeza ya gazeti la muziki la Sounds, likiwa na mpiga gitaa wa AC/DC, Angus Young, kwenye jalada. Jina lake ni mlio wa gitaa la umeme likichapwa kwa nguvu, na herufi zake zimechorwa kana kwamba zimepasuka kama kioo. Kwa miaka mingi ukurasa wake wa mbele ulijaa picha ndogo ndogo, midomo iliyo wazi na maneno yaliyosongamana.

Mbele ya msomaji wa Q, ukurasa wa namna hiyo ni vurugu tupu. Mbele ya kijana anayependa roki nzito, zile fujo ni dalili kwamba jarida hili ni lake na kwamba wazazi wake hawatalitaka. Kumfukuza asiyehusika ni sehemu ya kazi ya jalada, jambo ambalo wanafunzi wengi na hata baadhi ya wachapishaji huliona kama hasara.

Mojo nalo, lililozaliwa mwaka 1993, liliweka Bob Dylan na John Lennon kwenye toleo la kwanza. Lennon alikuwa ameuawa karibu miaka 13 kabla ya hapo. Kwa jarida la watu wanaoweka santuri kama wengine wanavyoweka vitabu, marehemu anaweza kuuza kuliko msanii anayeongoza chati wiki hiyo.

Jina, macho na nafasi tupu

Majarida yanapopangwa kwenye rafu hufunikana. Mara nyingi kinachobaki wazi ni ukanda wa juu au upande wa kushoto. Kwa sababu hiyo, wasanifu hulianza jina la jarida katika kona ya juu kushoto na kupanga habari zenye uzito upande huo. Msimbo wa mistari wa bei hutupwa chini kwenye kona ambayo haitasumbua uso wa mtu.

Jina hilo halipaswi kubadilikabadilika. Rolling Stone, lililoanzishwa San Francisco mwaka 1967 na Jann Wenner na Ralph Gleason, lilipata herufi zake kwa Rick Griffin, msanii aliyekuwa akichora mabango ya matamasha ya mji huo. Zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo, lakini mikunjo yake ingali inatambulika kwa mbali. Ndiyo maana jarida hilo linaweza kumruhusu mwanamuziki alifunike jina kwa kichwa chake, na msomaji asipotee. Jarida changa likijaribu hivyo linajificha lenyewe.

Wanamuziki wenyewe huujua uzito wa alama kama hizo. Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946, alisomea usanifu wa michoro katika chuo cha sanaa cha Ealing jijini London, na ndiye aliyebuni nembo ya kundi lake la Queen.

Kuhusu picha, kanuni ya kwanza ni macho. Msanii anayemtazama msomaji moja kwa moja humsimamisha, kama vile mtu anayeita jina lako sokoni. Mpiga picha mwenye uzoefu huacha pia nafasi tupu kuzunguka kichwa na mabega, kwa kuwa anajua maneno yatakuja baadaye. Picha nzuri isiyo na nafasi hiyo haifai kwa jalada, hata kama ingeshinda tuzo ukutani. Rangi nazo huwa chache, mara nyingi mbili au tatu, na aghalabu moja huchukuliwa kutoka kwenye mavazi ya msanii.

Kanuni hizo huvunjwa na anayezijua. Desemba 8, 1980, mpiga picha Annie Leibovitz alimpiga John Lennon akiwa uchi, amejikunja na kumkumbatia mkewe Yoko Ono aliyevaa nguo nyeusi. Jarida lilikuwa limemtaka Lennon peke yake. Yeye ndiye aliyeshikilia kwamba mkewe awemo. Saa chache baadaye aliuawa kwa risasi nje ya makazi yake New York.

Rolling Stone liliitoa picha hiyo katika toleo la Januari 22, 1981 bila kichwa cha habari. Lennon hamtazami msomaji, amefumba macho. Mwaka 2005 Chama cha Wahariri wa Majarida cha Marekani kililitaja jalada hilo kuwa bora kuliko yote ya miaka 40 iliyotangulia. Msanifu alielewa kwamba hakukuwa na mtu aliyehitaji kuambiwa yule ni nani au nini kimempata.

Nani anastahili kuwekwa mbele

Mhariri anapochagua uso huwa anakisia nani atauza, na makisio hayo yana historia chungu.

Mwishoni mwa mwaka 1979 Michael Jackson alikuwa ametoa albamu ya Off the Wall, iliyokuwa ikiuzwa kwa kasi. Upande wake ulitaka awekwe kwenye jalada la Rolling Stone. Wenner alijibu kwa barua kwamba jarida lingependa sana kuandika habari kubwa juu yake, ila haikuwa habari ya jalada. Februari 1983, Thriller ikiwa imekwisha kutoka, Jackson alikuwa kwenye jalada hilo hilo.

Ni haki kukumbuka kwamba toleo la pili kabisa la Rolling Stone, la Novemba 1967, lilimweka mbele Tina Turner, na kwamba Jackson mwenyewe alikwisha kuonekana kwenye jalada hilo mwaka 1971 akiwa mtoto. Mlango haukuwa umefungwa kwa kufuli. Ulikuwa ukifunguliwa pale mwenye mlango alipoona faida.

Nchini Uingereza, gazeti la kila wiki la NME liligawanyika katikati ya miaka ya 1980 kati ya waandishi waliotaka hip hop ipewe nafasi na wale waliotaka kubaki na bendi za magitaa. Mauzo yalishuka pale wasanii wa hip hop walipowekwa mbele, na waliopinga wakapata hoja.

Hoja hiyo ilikuwa na kasoro. Gazeti lililowazoesha wasomaji wake kwa miaka mingi kuona vijana weupe wenye magitaa lilikuwa limekwisha kuwakusanya wanunuzi wa aina hiyo na kuwaaga wengine. Kuwabandikia rapa wiki moja na kuhesabu nakala zilizobaki hakukuwa kipimo cha rapa. Kilikuwa kipimo cha majalada yote yaliyotangulia.

Waliobaki nje walijijengea meza yao. The Source lilianza mwaka 1988 kama karatasi moja ya habari iliyotolewa na wanafunzi wawili wa Harvard, David Mays na Jonathan Shecter. Kisha Quincy Jones, kwa kushirikiana na kampuni ya Time, alileta Vibe: toleo la majaribio mwaka 1992, na matoleo ya kawaida kuanzia 1993, Snoop Dogg akiwa kwenye jalada. Vibe liliwapiga picha wasanii weusi kwa uangalifu uliokuwa umezoeleka katika majarida ya mitindo, yenye karatasi nzuri na mwanga uliopangwa.

Lilijua pia kuzungumza na wasomaji wake bila maelezo mengi. Juni 1994, Lisa Lopes wa kundi la TLC aliichoma moto nyumba ya mpenzi wake, mchezaji wa futiboli ya Marekani, Andre Rison. Novemba mwaka huo TLC walitokea kwenye jalada la Vibe wakiwa wamevaa mavazi ya kikosi cha zimamoto. Aliyekuwa akifuatilia alicheka kabla hajasoma neno. Asiyefuatilia aliona wasichana watatu waliovaa makoti makubwa, na pengine hakuwa mnunuzi wao.

Septemba 2023, katika mahojiano na The New York Times kuhusu kitabu chake kilichokusanya mazungumzo na wanamuziki saba, wote wanaume weupe, Wenner alijitetea kwa maneno yaliyoonekana kuwadharau wasanii wanawake na weusi kwamba hawakuwa na ufasaha wa kutosha. Aliondolewa kwenye bodi ya taasisi ya Rock and Roll Hall of Fame, ambayo alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, na aliomba radhi. Wapo waliosikia katika mahojiano hayo mwangwi wa barua ya 1979.

Pale jalada linapozidi nguvu

Vibe nalo lilionja uchungu wa ukurasa wa mbele. Toleo lake la Septemba 1996 liliwaweka Notorious B.I.G. na Sean Combs chini ya maneno yaliyotangaza Mashariki dhidi ya Magharibi, yaani New York dhidi ya Los Angeles. Ugomvi ulikuwepo kabla ya hapo, kwa matusi na kwa nyimbo, na Februari mwaka huo jarida hilo lilikuwa limewapa jalada mahasimu wao wa Death Row, Tupac Shakur akiwemo.

Tupac alipigwa risasi Las Vegas Septemba 7 na kufariki Septemba 13, 1996. Notorious B.I.G. aliuawa Los Angeles Machi 9, 1997, akitoka kwenye sherehe ambayo Vibe lilikuwa miongoni mwa waandaaji wake.

Hakuna anayeweza kusema kwa haki kwamba karatasi iliua. Hata hivyo, lawama kwamba vyombo vya habari vya hip hop viliuchochea ugomvi wa watu wachache hadi ukawa wa pwani mbili zimeendelea hadi leo. Maneno matatu makubwa huuza kwa sababu yanarahisisha mambo, na urahisi huo ndio unaotakiwa kupimwa kabla ya mitambo ya uchapaji kuwashwa.

Somo jingine lilitoka kwa mtu ambaye hakuwa mwanamuziki. Aprili 15, 2013, mabomu yalilipuka katika mbio za marathoni za Boston, yakaua watu watatu na kujeruhi mamia. Mwezi Mei, The New York Times ilichapisha kwenye ukurasa wake wa kwanza picha ya mtuhumiwa, Dzhokhar Tsarnaev, kijana mwenye nywele za kujisokota na macho ya upole. Haikuzua zogo kubwa.

Rolling Stone lilipoitumia picha hiyo hiyo kwenye jalada la Agosti 1, 2013, ghadhabu ilizuka. Maduka ya CVS na Walgreens yalikataa kuliuza toleo hilo. Habari iliyokuwa ndani ilikuwa ya kina, na jalada lenyewe lilimwita kijana huyo jitu la kutisha. Watu wengi hawakufika huko. Kwa zaidi ya miaka 45 ukurasa huo ulikuwa umewafundisha kwamba uso unaotokea pale ni wa kupendwa, na zile nywele ziliwakumbusha Jim Morrison.

Wahariri walijitetea kwamba picha ilikuwa ya kweli na kwamba hatari yake ilikuwa katika ukawaida wake. Utetezi huo una uzito. Walichokosea kukadiria ni kwamba jina lililo juu ya picha nalo husomwa, na katika gazeti la habari na jarida la roki jina halisemi jambo moja.

Kumtafuta kila mtu

NME, ambalo katika miaka ya 1960 liliuza karibu nakala 300,000 kwa wiki, lilifikia mwaka 2015 likiuza takriban 15,000. Septemba mwaka huo wamiliki waliamua kuligawa bure katika stesheni, maduka na vyuo, nakala zipatazo 300,000. Toleo la kwanza la bure lilikuwa na Rihanna kwenye jalada.

Kwa hesabu za matangazo uamuzi huo ulieleweka. Lakini jarida linalogawiwa kwa kila anayeshuka kwenye treni linahitaji uso ambao hakuna asiyeujua, na mtu aliyekuwa akilinunua ili kukutana na bendi ambayo rafiki zake hawajaisikia hakuwa na sababu ya kunyoosha mkono. Machi 2018 toleo la kila wiki la karatasi lilisimamishwa. Mwaka 2023 NME lilirudi kwenye karatasi, safari hii kila baada ya miezi miwili, likiwalenga wachache wanaotaka kitu cha kuhifadhi.

Smash Hits lilikuwa limekufa mwaka 2006. Q lilifuata mwaka 2020, mwaka ambao pia Kerrang! lilisimamisha toleo lake la kila wiki. Habari za wasanii sasa hutoka kwa wasanii wenyewe kupitia simu, na humo jalada huonekana likiwa na ukubwa wa stempu. Ukanda wa kushoto hauna maana tena pale ambapo hakuna rafu. Maneno madogo hayasomeki. Kinachosalia ni uso, jina na rangi.

Hata hivyo, karatasi imepata kazi nyingine. Juni 2021 kundi la BTS kutoka Korea Kusini lilikuwa kundi la kwanza lenye wanamuziki wote wa asili ya Asia kuwekwa kwenye jalada la Rolling Stone la Marekani. Mbali na jalada la pamoja, yalichapishwa majalada ya kila mmoja wa vijana hao saba, na seti nzima iliuzwa ndani ya kisanduku maalumu. Mashabiki waliolinunua walikuwa wamekwisha kuyasoma mahojiano bure kwenye intaneti.